Bomba Tupu Halijazwi kwa Pupa

Kila kundi jipya likifika kwenye bomba la kuvusha maji, kosa ni lile lile: pampu inawashwa kwa nguvu zote ili maji yawahi upande wenye kiu. Haya, wadogo zetu, sogeeni.

1. Kilima kwanza, lita baadaye. Kupandisha mita 1 ya ujazo kwenda juu mita 100, pampu ikiwa na ufanisi wa asilimia 75, kunakula uniti 0.36 za umeme. Hapo msuguano wa bomba bado haujahesabiwa.

2. Kujaza. Hapa tukae. Bomba tupu limejaa hewa: la kipenyo cha mita 1 na urefu wa kilomita 10 lina karibu mita za ujazo 7,850, na zote zitoke kwenye vali za hewa kule vilimani. Jaza kwa kasi ya mita 0.3 kwa sekunde. Kazi itachukua saa 9 na ushee, njoo na koti. Asiye na subira huongeza pampu. Hewa inatoka ikipiga mluzi, inakwisha, maji yanalirusha juu boya la ndani ya vali, vali inafunga pa! Safu nzima ya maji inasimama ghafla. Kwenye bomba la chuma, kila mita 1 kwa sekunde inayokatwa hivyo huongeza presha kama bar 10.

Halafu ile koki ndogo chini ya vali ya hewa! Fundi kaifunga abadilishe gasketi, kaondoka. Hewa inakwama kilimani, geji ya pampu inaonyesha presha nzuri, mwisho wa bomba maji yanachuruzika, na nyie mnatafuta pasuko siku nzima. Siku ya kumwaga maji, koki hiyo hiyo inazuia hewa isiingie, na bomba jembamba la chuma linafyonzwa, linabonyea kama kopo. Msiamini orodha iliyotiwa vema ofisini. Ingieni kila chemba ya vali, shikeni koki kwa mkono.

3. Kufunga vali: zidisha urefu wa bomba kwa mita mara mbili, gawanya kwa 1,000 upate sekunde. Kilomita 10 ni sekunde 20. Ukifunga chini ya hapo ni sawa na kufunga ghafla. Fungeni kwa dakika, si sekunde.

4. Mita ya chanzo na ya mwisho zisomwe wakati mmoja. Zikipishana, maji yanavuja njiani: anzeni na chemba zilizozungukwa na majani mabichi kiangazi.