Cushing na Lee wakiwa pamoja, si lazima iwe Hammer
Hapana ndugu, umesema filamu ile ya kutisha ya abiria watano na mpiga ramli ndani ya treni ni ya Hammer, studio ya Uingereza ya filamu za kutisha, lakini siyo. Ni *Dr. Terror's House of Horrors* (1965), ya washindani wao Amicus, studio nyingine ya Uingereza. Sura ndizo zinazokuchanganya: waigizaji Peter Cushing na Christopher Lee, waliozoeleka katika filamu za Hammer, wote wamo, na mwongozaji Freddie Francis mwaka mmoja tu nyuma alikuwa ametoa *The Evil of Frankenstein* kwa Hammer. Watu walilipwa kwa filamu, hawakuwa mali ya studio. Na Amicus, kwa filamu zao zenye visa vifupi vifupi kadhaa ndani yake, waliweza kumwita nyota kwa siku chache tu (ujanja mzuri kwa mwenye bajeti ndogo!). Ukitaka kuwatofautisha, tazama mavazi: Hammer mara nyingi enzi za magari ya farasi, Amicus suti za wakati wao.