Asidi au tindikali? Sentensi moja ya dawa ya kifua kikuu

Swali: Naandaa kipeperushi cha wagonjwa wa kifua kikuu. Niliandika: "Pirazinamidi hufanya kazi vizuri pH inapoongezeka." Mwenzangu akabadilisha: "Pirazinamidi hufanya kazi vizuri kwenye tindikali." Ipi sahihi?

Jibu: Sentensi yako imegeuza maana. pH ni kipimo cha asidi na alkali (kinyume cha asidi), na asidi ikizidi, pH hushuka. Namba 7 ni katikati, si asidi wala alkali. Chini yake ndiko kwenye asidi, na kila namba moja ni tofauti ya mara kumi. Maabara, pirazinamidi huonyesha nguvu kwenye pH ya karibu 5.5, lakini kwenye 7 karibu haifanyi kitu. Kwa hiyo ni "pH inaposhuka". Kwa mgonjwa, bora uiache pH kabisa useme "palipo na asidi kidogo".

Mwenzako hakukosea kikamusi, maana tindikali ndiyo asidi. Ila kwa wengi wetu, hasa Tanzania, tindikali ni ile ya betri, ile ambayo watu humwagiwa wakaungua. Mgonjwa anayeanza vidonge asitishwe na neno hilo. Shika neno "asidi".

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba sentensi zote mbili hazisemi wapi. Msomaji atafikiria tumbo lake, akamue ndimu anywee vidonge! Asidi inayohusika ni ile ya mahali walipojificha bakteria: ndani ya seli za kinga zilizowameza, na kwenye sehemu za pafu zenye uvimbe. Humo bakteria wenyewe huibadilisha pirazinamidi kuwa asidi ya pirazinoiki, nayo ndiyo inayowadhuru. "Mazingira yenye asidi", maneno yanayopendwa sana na wafasiri, hayamwelezi mgonjwa lolote kati ya haya. Taja mahali.

Wala usiandike "antibiotiki" kwa ujumla. Streptomisini nayo ni dawa ya kifua kikuu, lakini hupungua nguvu kwenye asidi.

Mimi ningeandika hivi: "Pirazinamidi huwashambulia bakteria wa kifua kikuu waliojificha kwenye sehemu za mapafu zenye asidi kidogo, ambako baadhi ya dawa nyingine hupungua nguvu. Asidi hiyo iko humo tayari. Huna haja ya kunywa ndimu wala kula kitu kichachu ili dawa ifanye kazi."