Msimamizi wa Mirathi Si Mwenye Mali: Wasomaji Wauliza, Wakili Ajibu

SWALI: Mume wangu alifariki mwaka jana bila kuacha wosia. Tulifunga ndoa kanisani, tuna watoto watatu, na tulijenga nyumba Kibaha ambayo upande mmoja tumepangisha. Baada ya matanga, ukoo ulikaa kikao ukampendekeza shemeji yangu, na Mahakama ya Mwanzo ikamteua kuwa msimamizi wa mirathi. Tangu hapo anapokea kodi ya wapangaji bila kunipa hesabu, na juzi alimleta mtu kuitazama nyumba, akidai kwamba anaweza kuiuza kwa kuwa hati ya mahakama ina jina lake. Sina fedha za kumlipa wakili. Nifanye nini? (Mjane, Kibaha)

JIBU: Pole sana, mama, kwa msiba na kwa madhila yaliyofuata. Hati aliyopewa shemeji yako haikumfanya mmiliki wa nyumba. Imempa kazi ya kukusanya mali za marehemu, kulipa madeni yake, na kuwagawia warithi kinachobaki. Kikao cha ukoo hupendekeza tu. Anayeteua ni mahakama, na mahakama hiyo hiyo ndiyo yenye mamlaka ya kumwita msimamizi ajieleze. Ni kweli kwamba anaweza kuuza mali pale inapobidi, kwa mfano kulipa deni la marehemu, lakini fedha inayopatikana ni ya mirathi na lazima ionekane katika hesabu zake, kama inavyopaswa kuonekana kila shilingi ya kodi aliyokwisha kuipokea.

Kanuni za mwaka 1971 za usimamizi wa mirathi katika Mahakama za Mwanzo zinamtaka msimamizi awasilishe orodha kamili ya mali na madeni ya marehemu, kwa Fomu Namba 5, ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe, isipokuwa mahakama ikimwongezea muda. Baada ya hapo anapaswa kuleta hesabu kwa Fomu Namba 6 kila mahakama itakapopanga. Kwa hiyo nenda masjala ya mahakama iliyomteua ukiwa na cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, uliza namba ya shauri la mirathi, na uombe kulisoma jalada. Tazama kama jina lako na majina ya watoto yametajwa miongoni mwa warithi, kama fomu hizo zimewasilishwa, na kama vyumba vilivyopangishwa vimeandikwa. Usitoke hapo kabla hujanakili namba ya shauri na tarehe ya uteuzi, kwa sababu kila barua utakayoandika baadaye itazihitaji.

Ukikuta orodha haijawasilishwa, au imeficha mali, mwandikie hakimu barua ukiomba msimamizi aitwe atoe hesabu. Ikiwa aliupata usimamizi kwa udanganyifu, au anautumia kwa makusudi au kwa uzembe dhidi ya maslahi ya warithi, kanuni ya 9 inakuruhusu wewe kama mrithi kuiomba mahakama hiyo hiyo itengue uteuzi wake. Uamuzi usipokuridhisha, una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Wakati huo huo mpe taarifa ya maandishi mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ukiambatisha nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa mahakama, kwa kuwa mauziano mengi ya nyumba zisizo na hati hupita ofisini kwake. Nyumba ikiwa na hati, omba zuio kwa Msajili wa Hati.

Limebaki jambo ninalokusihi ulishughulikie kabla ya mgao, nalo ni sheria itakayotumika kugawa. Kwa Sheria ya Mila iliyotangazwa mwaka 1963, mjane hana fungu lake iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo, bali hutegemea kutunzwa na watoto wake. Mimi naiona kuwa dhuluma iliyoandikwa, na inaniuma kwamba bado inatumika kwa wanawake waliochangia kila tofali. Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo mahakama zetu huitumia kwa marehemu asiyefuata mila wala Uislamu, humpa mjane theluthi moja na watoto theluthi mbili. Ukristo peke yake haumalizi hoja. Mahakama hutazama marehemu aliishi maisha ya namna gani na alionyesha nia gani. Mume wako akiwa aliishi mjini mbali na taratibu za ukoo, hoja hiyo iletwe mapema, kwa kuwa Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya mirathi inayofuata sheria ya mila au ya Kiislamu tu. Kusanya pia risiti za vifaa, mikataba ya mafundi na stakabadhi za mkopo wa kikoba, kwani kilicho chako hakiingii katika mirathi ya mtu mwingine.

Kuhusu gharama, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa huduma hiyo bila malipo kwa asiye na uwezo. Mashirika kama WLAC, TAWLA na LHRC hupokea wajane wenye mashauri kama lako. Chukua nakala za kila karatasi.

SWALI: Mimi ni Mwislamu wa Tanga, nina wake wawili na watoto saba. Binti yangu wa mwisho ndiye anayeniuguza. Naweza kumwandikia nyumba katika wosia? (Mzee, Tanga)

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Kwa sheria ya Kiislamu wosia hauzidi theluthi ya mali inayobaki baada ya mazishi na madeni, wala haumpi kitu ambaye tayari ni mrithi, isipokuwa warithi wengine wakiridhia baada ya kifo chako. Binti yako ni mrithi, kwa hiyo wosia huo ungemwachia ugomvi na ndugu zake. Njia iliyo wazi ni hiba, yaani kumpa nyumba ukiwa hai na mwenye akili timamu, naye aipokee na kuishika kweli, mbele ya mashahidi na kwa maandishi. Usingoje ugonjwa ukuzidi, kwa sababu zawadi iliyotolewa katika ugonjwa wa mauti huhukumiwa kama wosia. Theluthi yako waweza kumwandikia asiye mrithi au madrasa, na wosia huo RITA, yaani wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanaupokea na kuutunza.

SWALI: Baba alifariki miaka minne iliyopita na mirathi haijafunguliwa. Tumechelewa? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Bado mnaweza kuifungua. Kwa kanuni zinazotumika Mahakama Kuu na Mahakama za Wilaya, ombi linaloletwa baada ya miaka 3 tangu kifo lazima lieleze sababu ya kuchelewa, kwa hiyo iandikeni kwa ukweli na muiambatishe na cheti cha kifo. Ikiwa kuna mtu amekalia ardhi ya baba, fanyeni haraka zaidi, kwani madai ya kuirudisha yana ukomo wa miaka 12, na miaka hiyo huanza kuhesabiwa tangu siku alipofariki.