Mama anakuja Krismasi, wakwe wanapika soseji

SWALI: Shikamoo Shangazi. Naishi Hamburg, mume wangu ni Mjerumani. Mwaka huu mama anatoka Marangu kuja kula Krismasi kwetu, na ndiyo mara yake ya kwanza kupanda ndege. Kwa wakwe zangu sikukuu yenyewe ni jioni ya tarehe 24, na chakula ni soseji za kuchemsha na saladi ya viazi. Mama anajua Krismasi ni mbuzi! Naogopa ataona amedharauliwa. Tena ameshaanza kufungasha ndizi, embe na nyama ya kukausha. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na begi. Nyama aiache, na samli pia. Forodha ya Umoja wa Ulaya hairuhusu abiria kuingia na nyama wala vitu vya maziwa kutoka kwetu, na vikitupwa mbele ya macho yake sikukuu imeharibikia uwanja wa ndege. Embe zinadai cheti cha afya ya mimea. Ndizi hazidai! Basi ajaze ndizi mshare.

Wakwe zako hawajamdharau mtu. Soseji na saladi ndicho chakula cha mkesha cha nyumba nyingi Ujerumani. Bata bukini huliwa kesho yake. Ila mweleze mama kabla hajasafiri, tena kwa Kichagga. Mimi wangu sikumweleza. Alikula soseji moja, akasogeza haradali pembeni ya sahani, akaninong'oneza: "Mwanangu, hawa watu wana madeni?"

Tarehe 25 iombe iwe yako. Jiko mwachie mama, wakwe waje kama wageni. Mbuzi mwagize mapema kwa wauza nyama wa Kituruki. Ukimkosa chukua kondoo, na mama usimwambie mpaka ameshasifia supu. Manunuzi yaishe tarehe 23, kwa sababu tarehe 24 maduka yanafungwa mwisho saa nane mchana, na tarehe 25 na 26 hupati hata chumvi.

Halafu kanisani. Kama mama ni Mlutheri kama wengi wa Marangu, usikose kumpeleka ibada ya mkesha. Wamisionari wa Leipzig, huko huko Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na tuni za nyimbo zao walikuja nazo. Wangu alikuwa amekaa kimya, koti langu limemfika visigino, Kijerumani hajui hata neno. Kinanda kilipoanza wimbo wa pili akainuka, akaimba kwa Kiswahili beti zote bila kitabu. Mamamkwe wangu akageuka kumtazama, akasogea ubavuni mwake, wakaimba pamoja, kila mmoja kwa lugha yake. Nje ilikuwa giza tupu na bado saa kumi na mbili haijafika. Wakarudi nyumbani wameshikana mikono kwa kuogopa barafu, mimi nyuma nimebeba miavuli.

Soseji ndiyo hiyo niliyokwambia.