Tanga kwa baiskeli ya greveli: pita mkongeni, panda Amani, achana na barabara kuu

Mkuu umeuliza kwamba unahamia Tanga kikazi, una baiskeli ya greveli, yaani ya njia za vumbi na changarawe, yenye tairi za milimita 40, na unataka njia zenye mito na milima, sio lami tupu. Karibu sana, na umekuja mji wenyewe, maana huku baiskeli sio mazoezi ya wikiendi, ni usafiri, utamkuta mama kavaa baibui lake anakata mitaa ya Ngamiani na kikapu mbele na anakupita vizuri tu bila jasho. Hakuna atakayekushangaa wewe, watashangaa huo usukani uliopinda kama pembe za kondoo.

Kabla ya njia, sikiliza hili kwanza. Barabara kuu ya kwenda Segera usiifanye njia yako ya mazoezi. Ina malori ya saruji, ina mabasi yanayokimbizana na muda, na pembeni hakuna nafasi ya kutosha, sehemu nyingine ukisukumwa unaangukia mtaroni. Watu wengi wanaoanza huku wanafungua ramani ya simu, wanaona mstari mnene unaenda Muheza, wanaufuata, wakirudi wanasema Tanga hakuna pa kuendesha. Pa kuendesha pamejaa, ila pako kwenye mashamba ya mkonge, kule ramani inaonyesha uwazi tu.

Njia za mkongeni zimenyooka, hazina miinuko ya ghafla, na gari utakutana nalo mara moja moja, trekta limebeba majani au pikipiki ya msimamizi. Zamani mashamba mengi yalikuwa na reli ndogo za troli za kusombea majani kupeleka kwenye korona, yaani kiwanda cha kutoa nyuzi za mkonge, na reli haipendi mlima mkali, kwa hiyo ukikuta njia imepita kwenye tuta na inapanda polepole ujue nani aliisawazisha. Upande wa Marungu na Kigombe unaweza kuzunguka asubuhi nzima bila kukanyaga lami. Ila haya ni mashamba ya watu, kuna geti na kuna walinzi, usipite kimya kama mwizi. Unashuka, unasema shikamoo mzee, naomba kupita naelekea Kigombe, anakuuliza unatoka wapi, mnaongea mawili matatu, unapita. Huku salamu ndio kibali, ukiruka salamu hata ungekuwa na barua utazungushwa.

Halafu miiba. Mbigili wakati wa kiangazi wako kila mahali pembeni ya njia, na ncha ya mkonge ikikauka ni msumari kabisa. Kama rimu zako zinakubali tyublesi, yaani tairi bila tyubu, basi weka tyublesi na ile gundi ya maji ndani, kama hazikubali beba tyubu za akiba, viraka, solusheni na pampu. Mafundi wa baiskeli wapo hadi vijijini na ni wazuri, ila tyubu ya saizi yako hawana, watakuwa na za Foneksi, zile baiskeli za kawaida za mizigo.

Sasa njia yenyewe ya baharini, Tanga kwenda Pangani, ni kama kilometa 50. Lami imekuwa ikiwekwa huko kwa hiyo greveli inapungua mwaka hadi mwaka, ndio maana nakwambia uchanganye, sehemu unapita barabara, sehemu unaingia mkongeni na kwenye minazi. Simama Tongoni uone magofu, kuna msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, pametulia mno na bahari iko hapo hapo. Ukifika Pangani mto unao mbele yako, huo ndio mto unaochota maji kuanzia Kilimanjaro na Meru, mpana, wa rangi ya chai ya maziwa. Unavuka na pantoni kwenda Bweni, baiskeli inapanda nayo, na daraja nalo limekuwa likijengwa. Ng'ambo ndio pazuri zaidi kwa baiskeli kama yako, kuna vilima vya kupanda na kushuka, udongo mwekundu, mnazi na mkonge, unaweza kwenda mpaka Ushongo ukalale. Na huko huko ng'ambo, Kikogwe, ndiko mkonge wa kwanza ulipopandwa mwaka 1893, Mjerumani mmoja anaitwa Hindorf aliagiza miche 1,000 Florida, iliyofika hai ikawa 62. Yaani mashamba yote haya unayopita yametokana na miche ambayo ingejaa kwenye mkokoteni.

Upepo usiudharau. Wakati wa kusi, tuseme mwezi wa tano mpaka wa tisa, ukienda Pangani unaupokea usoni njia nzima, kwa hiyo toka alfajiri haujachangamka, ukirudi mchana unakusukuma mgongoni. Wakati wa kaskazi ni kinyume chake, unakwenda unacheka unarudi unalia, na jua la mwezi wa pili juu yake. Mimi kipindi hicho naenda na baiskeli narudi na kosta, sioni aibu.

Ukitaka kitu kifupi cha asubuhi kabla ya kazi nenda Amboni. Mapango yako kama kilometa 8 tu kutoka mjini, unatoka na barabara ya Horohoro unakata kushoto Kiomoni. Jiwe lake ni chokaa, vumbi jeupe, pakilowa panateleza kama sabuni, punguza mwendo.

Lakini wewe umesema milima, na milima ni Amani, kwenye milima ya Usambara. Hapa sina maneno ya kukupamba, hii ndio njia bora ya mkoa huu na ningekuwa na siku moja tu ningeenda huku. Panda kosta mpaka Muheza, baiskeli inafungwa juu unalipia kama mzigo, unaikwepa ile barabara kuu. Muheza kunywa supu, nunua machungwa, halafu ni kama kilometa 35 mpaka Amani. Mwanzoni ni mashamba na vijiji, kupanda kwake cha mtoto, na hapa pia lami wamekuwa wakiiweka kwa vipande. Sigi ndio geti la hifadhi, unalipa kiingilio, pumzika hapo uangalie ile nyumba ya zamani ya stesheni, maana Wajerumani walileta reli mpaka hapo kushusha mbao, leo hakuna hata taruma moja la reli. Kuanzia Sigi mpaka juu ni msitu mtupu na kona juu ya kona, unatoka kama mita 450 unafika karibu 900, mti umefunika njia, mto Zigi unausikia bila kuuona. Gia ndogo kabisa, usikimbie, na ukisikia honi jibanze ukutani, sio upande wa bonde. Maji ya huo mto ndio yanayoshuka mpaka bwawa la Mabayani na kuja bombani mjini, kwa hiyo utakayoyaoga ukirudi umeshapishana nayo njiani.

Juu kuna baridi, beba koti. Mvua ya Amani haina adabu, hata mwezi wa nane inanyesha. Kuna nyumba za wageni, lala, kesho yake zunguka Kwamkoro na Bulwa kwenye chai, njia za huko zinapanda na kushuka muda wote na unapita iliki na mdalasini mpaka nguo zinanukia pilau. Kushuka ndio kunahitaji akili, kama breki zako sio za diski simama mara kwa mara rimu zipoe.

Njia ya Maramba sijaisahau, unaingilia Mabokweni, ndefu, ina rasta, yale matuta madogo madogo, za kukutoa meno na vumbi, ila Usambara inakuwa mbele yako muda mrefu. Nenda ukishazoea, na maji beba ya kutosha.

Masika, mwezi wa tatu mpaka wa tano, njia zote hizi zibadilishe. Udongo mwekundu ukipigwa jua siku moja unapitika, ule mweusi wa mabondeni haupitiki, unajaza tairi mpaka inagoma kuzunguka na unaibeba baiskeli begani. Kipindi hicho zungukia Raskazone na mitaa ya mjini, jioni mihogo na pweza, subiri mwezi wa sita.

Ukishajua tarehe ya kufika andika hapa, na useme kaseti yako, zile gia za nyuma, ina meno mangapi, maana kama gia kubwa kabisa ni ya meno 28 hiyo Amani itabidi tuongee upya.