Muulize Fundi: Pasi ya jogoo imeshika kutu

SWALI: Shikamoo fundi. Bibi yetu alituachia pasi ya mkaa, ile yenye jogoo mbele. Imekaa miaka darini kwenye jiko la nje hapa Tukuyu, sasa ni kutu tupu na kifuniko hakifunguki. Kijana mmoja mwenye grinda anasema ataing'arisha kwa dakika kumi. Kaka yangu anasema tuitumbukize kwenye maji ya magadi na chaja ya betri, kutu itatoka yenyewe. Mimi naona kama mazingaombwe. Nimsikilize nani? (Mjukuu, Tukuyu)

JIBU: Marahaba, mjukuu. Msikilize kaka yako, na kijana wa grinda mpe soda anywe aende zake. Grinda haijui kutu iliishia wapi na chuma kilianzia wapi, inakula vyote. Pasi ya bibi ikitoka hapo itang'aa kweli, lakini yale maua ya kwenye kifuniko yatakuwa yamefutika, na jogoo atabaki hana kilemba.

Tukuyu hainishangazi. Mahali panaponyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, hata msumari ulio mfukoni unaota kutu. Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni palipo na maji. Umeme ukipita kwa mwelekeo sahihi unailegeza ile kutu, sehemu yake inageuka unga mweusi, na mapovu yanayotoka kwenye pasi yanasaidia kuibandua. Chuma kizima kilicho chini hakiguswi. Ndiyo maana naipenda njia hii kwa vitu vya urithi.

Tafuta ndoo ya plastiki ya lita 20. Sufuria ya alumini usithubutu, magadi yanaila. Magadi soda yaleyale unayopikia maharage, vijiko vitano vya chakula, yayeyushe kwenye maji ya moto kisha yachuje kwa kitambaa, maana ya sokoni huja na mchanga wake. Jaza maji mpaka karibu na ukingo. Halafu omba vipande vinne vya nondo kwa watu wanaojenga, uvisimamishe kuizunguka ndoo kwa ndani na kuviunganisha vyote kwa waya mmoja. Kwa nini vinne? Umeme huu unasafisha zaidi upande unaotazamana na nondo. Ukiweka kipande kimoja, pasi itatoka safi shavu moja kama mtoto aliyenawa uso gizani.

Kabla ya kuitumbukiza, toa mpini wa mbao. Halafu chukua sumaku ya spika mbovu umguse jogoo. Ikinata, ni chuma, abaki. Isiponata, huenda ni shaba au alumini, mfungue umweke pembeni. Kwaruza sehemu moja ndogo ya pasi kwa tupa mpaka uone chuma cheupe, hapo ndipo utafunga waya. Waya ukifungwa juu ya kutu, umeme haupiti, utakaa unatazama maji kama anayesubiri basi lililokwishapita. Pasi ining'inie kwenye fimbo iliyolazwa juu ya ndoo, isiguse nondo hata moja.

Sasa nyaya, na hapa naomba uzime redio. Kibanio cheusi cha chaja, yaani hasi, kinakwenda kwenye pasi. Chekundu, yaani chanya, kinakwenda kwenye nondo. Nondo ndiyo inayoliwa ili pasi ipone. Nasema kwa uchungu kwa sababu mimi niliwahi kugeuza. Ilikuwa nyengo ya marehemu baba, na niliifunga usiku kwa mwanga wa kibatari kwa vile umeme ulikatika nikiwa katikati ya kazi. Uliporudi nikawasha swichi, nikaenda kulala. Asubuhi nondo zangu zilikuwa safi kama mpya, na nyengo imeliwa makali yote, nyembamba kama jani la muhindi. Ninayo hadi leo juu ya mlango wa karakana hapa Uyole. Wanafunzi wangu wakiiuliza, nawaambia nyeusi kwa kitu chako.

Chaja ya volti 12 inayotoa ampia 2 hadi 4 inatosha. Ukiwasha, utaona mapovu madogo yanapanda kutoka kwenye pasi. Hayo ni hidrojeni, na hidrojeni hulipuka. Kwa hiyo ndoo ikae nje barazani, isiwe jikoni karibu na mkaa wala kwa babu mwenye kiko. Ukitaka kuchungulia au kusogeza kitu, zima kwanza ukutani ndipo uguse vibanio, kwa sababu cheche moja tu inatosha. Watoto na mbuzi wakae mbali.

Iache saa 12, ikibidi hata 24. Maji yatakuwa na povu la rangi ya udongo, usiogope. Ukiitoa pasi itakuwa nyeusi tii. Isugue kwa brashi ya waya na maji safi, weusi utaondoka. Kifuniko kikiwa bado kigumu, irudishe tena kwenye ndoo, usikigonge nyundo. Chuma cha kumimina kinapasuka kama chungu.

Hapo usiende kupokea simu. Chuma kilichotoka kwenye maji haya kiko uchi, na kwa unyevu wa kwenu kitaanza wekundu kabla hujamaliza kunywa chai. Ikaushe palepale karibu na jiko. Mtu mwingine ningemwambia apake oili, lakini hii ni pasi, oili itahamia kwenye shati la shule. Ikiwa bado vuguvugu, ipake nta ya mshumaa, kisha uifute kwa kitambaa kikavu. Mashimo yaliyochimbwa na kutu yatabaki, hakuna umeme unaorudisha chuma kilichokwisha kwenda. Maji machafu yamwage njiani, bustani ya mboga haiyapendi.

SWALI: Fundi, mimi ni seremala Mafinga. Nina visu vya randa vimeshika kutu. Naambiwa chumvi ya mezani inafanya kazi haraka kuliko magadi, na vijiko visivyoshika kutu vinadumu kuliko nondo. Ni kweli? (Seremala, Mafinga)

JIBU: Ni kweli vinafanya kazi, na ni kweli vitakudhuru. Chumvi ikipitishiwa umeme inatoa klorini, gesi inayochoma mapafu. Vijiko hivyo vina kromiamu, nayo ikiyeyuka kwa umeme inaweza kuyageuza maji kuwa sumu ya njano inayosababisha saratani. Nondo haina bei ya kukufanya uhatarishe ini lako. Bati la kuezekea nalo liache, lina zinki.

Kuhusu visu, chuma kigumu kinaweza kunywa hidrojeni kikawa chepesi kukatika. Usikiache ndoo kuliko inavyohitajika, kisha kiweke ovenini nyuzi 150 kwa saa chache kabla ya kukinoa. Usikiweke mkaani. Kikigeuka bluu, umepoteza ugumu wake na ndoo yote haikusaidii.

SWALI: Nimefanya kila kitu, chaja inawaka taa nyekundu na kuzima. Hakuna povu hata moja. Nyumbani Kilolo sina umeme wa gridi, natumia jenereta ya jirani. (Msomaji, Kilolo)

JIBU: Chaja yako ni ya kisasa, inatafuta betri kwanza ndipo itoe umeme, na ndoo haifanani na betri. Tafuta ile ya zamani yenye mshale unaoonyesha ampia.

Lakini wewe wa Kilolo mwache jirani na jenereta yake. Paneli ya sola ya volti 12, wati 50, iunge moja kwa moja kwenye ndoo, hasi kwenye kitu chako kama kawaida. Haitatoa zaidi ya ampia 3 hivi, na hizo ndizo unazohitaji. Itachukua siku mbili tatu kwa kuwa kazi inasimama wingu likipita. Jioni toa kitu chako, kikaushe na ukihifadhi ndani, asubuhi ukirudishe majini jua likishapanda.