Usianze na ujumbe

Miaka kadhaa nyuma, vijana wanne wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, nami nikiwemo, tulichanga pesa tukanunua rangi, tukachora ukuta karibu na gati. Mikono miwili imeshikana, chini yake herufi kubwa: TUPENDANE. Tulisifiwa sana. Masika mawili na chumvi ya bahari vikaibambua. Na teja, mraibu wa dawa za kulevya, aliyekuwa akilala chini ya ukuta ule, ambaye tulimruka kila siku na makopo ya rangi mkononi, alibaki palepale.

Vijana wakinijia sasa wakitaka kubadilisha jamii kwa sanaa, nawaambia wasianze na ujumbe. Waanze na mtu.

Mimi ni mchonga milango. Teja yule baadaye nilimchukua karakanani, na si kwa wema: msaidizi wangu aliumwa, nikahitaji mtu wa kupiga msasa. Siku ya tatu akapotea na patasi yangu bora. Wiki ikapita, akarudi mikono mitupu. "Ami, niliiuza." Nilimfokea mpaka majirani wakachungulia. Kisha nikampa nyingine, kuukuu, mpini umepasuka.

Mbambakofi ni mti mgumu. Ukiwa na pupa patasi huteleza, na ua zima la mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, limeharibika. Simwambii mtu kwamba nakshi huponya uraibu wa unga. Dawa aliifuata hospitali, na alianguka zaidi ya mara moja. Lakini karakana yangu iko njiani. Watu waliokuwa wakimkwepa walianza kusimama. "Ua hili umechonga wewe?" Hapo ndipo walipoanza kumwita kwa jina lake. Mimi sikuwa nimewahubiria neno.

Kwetu Lamu hili si geni. Habib Swaleh, mwanachuoni aliyekuja kutoka Ngazija, kisiwa cha Komoro, na kufariki mwaka 1935, aliwafundisha dini watumwa na wanyonge ambao waungwana wa mji hawakutaka kukaa nao darasa moja. Akaruhusu matwari, ngoma za mkono, yapigwe kwenye maulidi. Wakubwa wakanung'unika. Matwari na waliodharauliwa waliingia kwa mlango mmoja, na leo maulidi ya msikiti wake, Riyadha, hujaza mji wageni.

Hata Flipflopi, ile dau ya plastiki iliyookotwa iliyoundwa hapa Lamu na kuzinduliwa 2018, ina somo hilo. Mwaka uliofuata ilisafiri hadi Unguja, na kila bandari watu walitaka kuigusa, maana ubavuni waliona kandambili zao wenyewe. Ujumbe haukupakwa juu yake. Ndio uliokuwa mbao zake.

Basi ukimwita mtu kwenye sanaa yako, mlipe, hata kidogo. Mtu asiyelipwa anajua anafadhiliwa, na mkono wake huchonga kama mkono wa mfadhiliwa. Usimpige picha. Kazi yake iweke mahali pa kuonekana, usiifiche nyuma ya mlango kwa kuwa imepinda. Na patasi nzuri zifungie, nasema kwa uzoefu.

Mwezi uliopita mteja alilalamika kwamba ua moja, chini upande wa kushoto, halifanani na mengine. Ni la kwanza alilolichonga yule kijana. Nilimpunguzia mteja bei, mlango nikauacha ulivyo.